Kisa cha Ng'ambo ya Unguja: hori walilifukia, mpaka wakaubakisha

Mgeni mmoja kutoka bara aliniuliza swali dogo tu tukiwa tumesimama Darajani, akasema sasa hilo daraja lenyewe liko wapi? Nikacheka kwanza, alafu nikaona kumbe swali lake ni zito. Daraja halipo. Maji hayapo. Pana barabara, pana soko lililojengwa 1904, pana wauza viatu na wauza simu na wachukuzi wanasukuma magari ya mkono wanapiga kelele "nipishe nipishe", na watu wanavuka barabara kama vile hakuna gari. Lakini jina lipo, Darajani, na jina la upande wa pili lipo pia, Ng'ambo, miaka na miaka baada ya maji yenyewe kuondoka.

Basi kisa ninachotaka kukichambua ni hichohicho. Vipi mtaa uliopewa jina kwa sababu ya maji unabaki kuwa "upande wa pili" wakati maji yenyewe yamefukiwa? Nani alikuwa na haja na huo mpaka? Manake mpaka hauji wenyewe, na haukai wenyewe.

Kwa asiyeijua Unguja nimpe picha kidogo. Mji Mkongwe ulikaa kwenye rasi, bahari huku, bahari huku, na nyuma yake kulikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingilia kaskazini kule Funguni ukashuka kusini mpaka karibu na Mnazi Mmoja, ukabakisha shingo nyembamba tu ya ardhi. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, mji unakuwa kama kisiwa. Yakitoka linabaki tope na vidau vimelala ubavu na harufu ambayo kila mzungu aliyepita akaandika kitabu aliitaja, utadhani harufu ile ilitokea Ng'ambo na siyo kwenye taka za mji mzima uliokuwa unamwaga kila kitu mle. Huku magharibi majumba ya mawe na chokaa, balozi, majumba ya Sultani, maduka ya matajiri. Huku mashariki, ng'ambo ya hori, nyumba za udongo na makuti.

Neno lenyewe mnalijua. Kwa Mswahili ng'ambo ni ng'ambo tu, upande wa pili wa maji, na siku hizi mtu akikwambia mwanangu yupo ng'ambo unajua yuko Uingereza au Omani huko. Sisi ng'ambo yetu ilikuwa mwendo wa dakika tano kwa miguu. Na angalia, ng'ambo ni neno la mtu aliyesimama upande mmoja. Aliyeko Ng'ambo akigeuka, ng'ambo yake ni Shangani na Forodhani. Lakini hakuna aliyewahi kuita Shangani ng'ambo. Kwa hiyo tangu mwanzo jina limetoka kinywani mwa wa upande ule, na wa upande huu wakalipokea, wakalifanya lao, na sasa wanalitamka kwa maringo.

Watu wenyewe walikuwa nani? Hapa kuna hadithi rahisi inayopendwa sana, kwamba Mji Mkongwe wa Waarabu na Wahindi, Ng'ambo ya Waafrika, basi. Siyo hivyo. Ng'ambo waliishi watu wa kila namna, Wamanyema, Wanyasa, Wayao, Wazaramo, Wangazija, Washihiri, watu wa mashamba waliokuja mjini kutafuta kibarua, Wahindi wenye viduka, hata Waarabu wasio na kitu. Na Mji Mkongwe nao ulikuwa na maelfu ya watu weusi ndani ya yale majumba, watumwa na watumishi, wanalala chini na mabwana wanalala juu. Kilichowatenga watu wa Ng'ambo zaidi ya rangi ni uwezo. Jiwe ni ghali, udongo ni bure.

Soko la watumwa lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje ya sheria, wakaja kuingizwa 1909. Wengi walioachwa huru hawakubaki mashambani kwa bwana, walikuja mjini, na mjini kwao palikuwa Ng'ambo. Hebu fikiria mtu jana alikuwa haruhusiwi kuvaa viatu mbele ya bwana wake, amevaa kaniki au shuka ya merikani, leo ana chumba chake na anaamua mwenyewe avae nini. Ndiyo kanga zikashika kasi miaka hiyohiyo, kanga za rangi kali zenye maua, na wanawake waliovaa kaniki wakaitupa, na wanaume wakavaa kanzu na kofia. Watu wanaiona kanga kama kitambaa cha jikoni, lakini kwa bibi aliyetoka utumwani ile ilikuwa karatasi ya uhuru inayofungwa kiunoni. Na watu hawa wakaanza kujiita Waswahili, wengine baadaye Wazanzibari, majina ya kuchagua, siyo ya kupewa na mnunuzi.

Soma majina ya mitaa uone nani aliyeupanga mji. Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Miembeni, hapo palikuwa na miembe na chini ya muembe watu walikaa wakaamua mambo. Kwa Haji Tumbo, Kwa Alinatoo, hao ni watu, waliishi, walijulikana. Mchangani, Vikokotoni, Kidongo Chekundu, hiyo ni ardhi inajieleza. Kisima Majongoo, wallahi sitaki hata kujua maji yake yalikuwaje. Hakuna afisa aliyekaa mezani akayatunga majina haya. Ndiyo maana huwa nacheka nikisoma kwamba Ng'ambo ilikua "bila mpango." Bila mpango wa nani?

Tazama nyumba yenyewe. Unaanza na nguzo na fito, zinasukwa kama kapu, boriti za mikoko juu, alafu udongo unakandikwa kwa mikono, majirani wanakuja, siku ya kukandika ni kama siku ya harusi, kuna chakula. Paa la makuti, baadaye mabati, kwanza yale ya madebe yaliyofunguliwa. Mlango katikati, ukiingia ni ukumbi unaopita moja kwa moja, vyumba kushoto na kulia, nyuma ua, kwenye ua jiko na choo na kisima kama Mungu amejaalia. Mbele baraza. Baraza ndiyo sebule, ndiyo benki, ndiyo mahakama, ndiyo gazeti. Hakuna nyumba ya Ng'ambo iliyojengwa bila kufikiria mpita njia atakaa wapi, hata nyumba ya maskini kabisa ina kibaraza cha kukaa mtu mmoja na nusu. Nyumba kama hii mwenye nayo aliweza kuiongeza chumba pesa ikipatikana, akapangisha, mama mjane akaishi kwa kodi ya vyumba viwili. Huo nao ni mpango, tena mpango unaolipa.

Sasa tatizo. Nyumba ni yako, ardhi si yako. Hili ndilo fundo la kisa kizima na watu wengi wanalipita mbio. Sehemu kubwa ya Ng'ambo ilikuwa ardhi ya matajiri wachache na nyingine ardhi ya wakfu, na zamani mtu alijenga kwa idhini tu, pengine bila kulipa kitu, kwa sababu mwenye ardhi alipata heshima ya kuwa na watu wake, wafuasi. Mji ulivyokua, hasa baada ya vita vya kwanza vya dunia, ardhi ikawa pesa na wenye ardhi wakaanza kudai kodi ya kiwanja, alafu wakaipandisha, alafu wakaipandisha tena. Na serikali ya kikoloni na mahakama zake ikasimama na mwenye ardhi. Usipolipa unaambiwa uondoke, na nyumba ya udongo huwezi kuibeba mgongoni.

Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma, wakakataa kulipa. Yaani siyo mmoja mmoja kujificha mwenye ardhi akija kubisha, hapana, walikataa kwa pamoja na wakasema wazi, na wanawake walikuwa mstari wa mbele kwa sababu wengi wao walikuwa wenye nyumba, na wengi wa wenye nyumba hao walikuwa watumwa wa zamani au watoto wa watumwa. Kwao nyumba ile ilikuwa kitu cha kwanza maishani kuwa chao. Serikali ilitikisika, na mwisho ililazimika kutunga sheria ya kuzibana hizo kodi za viwanja. Ukoloni na wenye mali walirudishwa nyuma na watu ambao kwenye karatasi za serikali nyumba zao hazikuitwa hata nyumba, ziliandikwa vibanda.

Mwaka huohuo, 1928, mwanamke wa Ng'ambo, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa familia ya kitumwa aliyekuja mjini akiuza vyungu, alipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Zikauzwa pwani nzima ya Afrika Mashariki. Kabla yake taarab iliimbwa kwa Kiarabu kwenye majumba ya wakubwa, yeye akaileta kwenye Kiswahili na kwenye mambo ya mtaani, nani kaonewa, nani kafungwa, nani kahonga. Mie kila nikiyaweka mambo haya mawili pamoja, mgomo na santuri, ya mwaka mmoja, naona ni watu walewale wanasema neno moja kwa njia mbili. Ukiuliza leo turisti anapelekwa wapi kwa habari ya muziki wa Zanzibar, anapelekwa Shangani kupiga picha mlango wa Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Sina ubaya na Freddie, kazaliwa kwetu 1946, mtoto wetu, lakini hebu.

Turudi kwenye hori. Maji yalifukiwa kidogo kidogo, miaka ya mwanzo ya karne ya 20 mpaka kufika miaka ya 1950 likawa limekwisha, upande wa Mnazi Mmoja pakawa viwanja vya michezo, na barabara ikapita pale maji yalipopita, ikaitwa Creek Road, barabara ya hori, ambayo siku hizi jina lake ni Benjamin Mkapa. Sababu waliyoitoa ilikuwa afya, mbu, harufu. Sawa. Lakini ukitazama ramani, eneo lililopatikana halikutumika kuziunganisha pande mbili, lilitumika kama uwazi kati yake. Viwanja, bustani, barabara pana. Wakoloni miji yao mingi waliipenda hivyo, kipande cha wazi katikati ya huku na kule, wakidai magonjwa yasivuke. Kwa hiyo daraja likavunjwa na utengano ukajengwa upya kwa majani na lami. Na sheria za ujenzi zikawa mbili, upande ule jengo, upande huu kibanda.

Alafu wakaja wapanga miji. Mtu asikudanganye kwamba Ng'ambo ilisahauliwa, Ng'ambo imepangwa mpaka imechoka. 1923 alikuja Lanchester, Mwingereza, akaandika kitabu kizima cha mpango wa mji. Pesa hakuna, mengi yakabaki kitabuni. Miaka ya 1940 alikuwepo katibu mkuu wa serikali anaitwa Eric Dutton, huyu alikuwa na hamu hasa, akataka kuijenga Ng'ambo upya kwa mpango wa miaka kumi, nyumba za mfano, mitaa iliyonyooka, na kati yake jumba la jumuiya likaitwa Raha Leo. Sijui kama waliosema jina hilo walikuwa wanacheka au wanaamini. Wazo lilikuwa watu wapate pa kustarehe na kusikiliza redio ili wasiwe na muda wa kunung'unika, na 1948 wakagoma wapakuzi wa bandarini na mji ukasimama, kwa hiyo raha haikutosha. 1958 akaja Kendall na mpango mwingine. 1968 Wajerumani Mashariki. 1982 Wachina. Kila mmoja alichora ramani ambayo Ng'ambo ndani yake ni nafasi tupu inayosubiri kalamu, na kila mmoja alikuta watu wamekwishakaa.

Kisiasa sasa, upande huu uliodharauliwa ndio ulioipindua nchi. Uchaguzi wa 1957 jimbo la Ng'ambo Karume alimshinda Ali Muhsin, kiongozi wa wapinzani wake, tena vibaya. Makao ya chama chake, Afro-Shirazi, yalikuwa Kisiwandui. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 ilivamiwa kambi ya polisi Ziwani, Ng'ambo, zikachukuliwa silaha, na sauti ya John Okello, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi, iliyotangaza kwamba serikali imeanguka ilitoka redioni Raha Leo. Lile jumba la Dutton la kuwatuliza watu. Yaliyotokea siku zile ni mazito na hayana haki kuandikwa kwa mistari miwili, watu wengi walikufa, familia nyingi ziliondoka hazijarudi mpaka leo, na ziko nyumba pande zote mbili za barabara ambazo habari hii bado inazungumzwa kwa sauti ya chini. Mie hapa nafuata mpaka tu, na mpaka siku ile uligeuzwa kichwa chini. Majumba ya mawe yakataifishwa, watu wa Ng'ambo na wa mashamba wakapewa vyumba ndani ya majumba ya mabwana, na serikali ikahamishia macho yake Ng'ambo.

Hapo ndipo Michenzani inapoingia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ngumu kuihukumu.

Zanzibar baada ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki mapema, na hao wakaja na wahandisi na saruji, wakaanza na flati za Kikwajuni. Karume akazipenda, akataka kubwa zaidi, nyingi zaidi. Barabara mbili pana zikapasua katikati ya Ng'ambo, zikakutana kwenye mzunguko, na kando yake yakasimama majumba marefu kama treni, kila moja linakwenda mita mia kadhaa, ghorofa juu ya ghorofa, flati zaidi ya 1,000 kwa jumla. Kujenga ilikuwa ni kujitolea, na kujitolea kwa wakati ule mnajua, unajitolea upende usipende. Nyumba za udongo zilizokuwa njiani zikabomolewa, na miembe yake, na mabaraza yake.

Wazo lilikuwa zuri, mie sitaki kulikejeli. Mjukuu wa mtumwa apewe flati yenye choo cha ndani, umeme, bomba, dirisha linalotazama mji wote, na asilipe kodi ya kiwanja kwa mtu. Baada ya 1928 hilo si dogo hata kidogo. Tena yale majumba yalipangwa makusudi yaonekane, mkoloni alijenga mbele ya bahari, sisi tunajenga huku nyuma na yetu yanaonekana kutoka mbali zaidi.

Lakini ingia ndani ya jengo, siyo kwa macho ya mpiga picha. Lifti hakuna. Maji yanafika ghorofa za chini, juu hayapandi, kwa hiyo ndoo. Mama anashuka ghorofa tano na ndoo tupu, anapanda na ndoo kichwani, ngazi gizani taa imeungua, anapumzika ghorofa ya tatu kwa jirani, anapanda tena. Mara nne kwa siku, tano mwezi wa Ramadhani. Mkaa wa kupikia nao unapanda hivyohivyo, na jiko la mkaa linakaa kwenye kibaraza cha flati kilichotakiwa kuwa cha kupunga upepo, ukuta wake ushakuwa mweusi. Ua hakuna. Kuku je? Wapo waliofuga hukohuko juu. Nazi inakunwa kwenye korido, mbuzi ya kukunia imewekwa mlangoni ili anayekuna aone anayepita. Yaani watu walichukua nyumba ya Kiswahili wakaibeba kipande kipande wakaipandisha ghorofani, korido ikawa mtaa, ngazi ikawa baraza, na chini kabisa kwenye vivuli vya majengo wakaanzisha maskani, bao, kahawa, siasa. Maskani ya Kisonge pale imekuwa na sauti kuliko magazeti mengine. Karume mwenyewe aliuawa Kisiwandui 7 Aprili 1972, hatua chache kutoka huko, na kasi ya ujenzi ikapungua.

Kwa hiyo Michenzani nailaumu au naisifu? Nailaumu kwa jambo moja tu, kwamba na yenyewe iliiona Ng'ambo kama kiwanja kitupu. Nia ilikuwa kinyume na ya mkoloni, kalamu ilikuwa ileile.

Tuje karibu. Mji Mkongwe baada ya 1964 ulianza kuoza. Jumba la familia moja likagawiwa kwa familia nane, hakuna mwenye kulitengeneza, mvua inaingia, boriti zinaanguka, watu wanakufa. Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 ungemuuliza mtu akae wapi, angekwambia flati Ng'ambo. Hii nasema ili mtu asidhani kutengwa ni laana ya mahali fulani milele, kunahama. 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, watalii wakaanza kuja, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe kwenye urithi wa dunia.

Na hapo, kwa maoni yangu, hori likachimbwa tena. Ile ramani ya urithi, hekta kama 96, imesimama wapi? Imesimama Darajani. Palepale maji yalipokuwa. Ukanda mdogo kando yake umepewa ulinzi wa pembeni, ili kuta za mawe zisizibwe na jengo la ajabu, yaani Ng'ambo imelindwa kwa ajili ya mandhari ya mwenzake. Sababu zilizotolewa za kuutukuza Mji Mkongwe ni kwamba pwani hii Afrika, Uarabuni, Uhindi na Ulaya zilikutana, na kwamba hapa ilipiganwa vita ya kukomesha utumwa. Sawasawa kabisa, sikatai hata nukta. Ila watu walioachiwa huru walikwenda kuishi wapi? Mchanganyiko wa kweli, mtu wa Ngazija anaoa Mmanyema na jirani yake Mshihiri anawapikia pilau, ulikuwa wapi zaidi kama si huku? Hao hawana mlango wa nakshi wa kupigwa picha, na jambo lisilo na mlango wa nakshi ni gumu kuliingiza kwenye orodha.

Matokeo unayaona bila takwimu. Upande ule duka la spice tour, hoteli, mikahawa ya paa la juu. Upande huu ndiko wanakolala wanaosafisha hizo hoteli, wanaotia viungo kwenye vifuko, wanaoendesha boti, na asubuhi wanavuka, jioni wanarudi. Nyumba za zamani za udongo zinavunjwa moja moja, inasimama ya matofali, hakuna anayeandika wala kupiga picha, kwa sababu siyo urithi. Mtu wa upande ule akitaka kubadilisha dirisha anahitaji kibali, wa huku akiivunja nyumba ya miaka mia yenye baraza ambalo Siti pengine alikaa anahitaji nyundo tu. Kweli kibali nacho ni usumbufu, wenye nyumba Mji Mkongwe watakwambia. Lakini usumbufu mwingine ni namna ya kuheshimiwa.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Miaka ya 2010 idara ya mipango miji ya Zanzibar ilianza kazi iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, wakishirikiana na wasanifu na jiji la Amsterdam, na safari hii walianza kwa kuuliza. Walitembea mtaa kwa mtaa wakaandika vitu ambavyo havikuwahi kuingia ramani yoyote, mabaraza, miti, vilinge vya ngoma, maduka ya kahawa, njia za miguu, wakatoa kitabu cha ramani kikubwa kabisa cha Ng'ambo. Jina peke yake lina kitu, "tuitakayo", siyo watakayo. Bibi yangu aliyekulia Miembeni angecheka akisikia serikali inahesabu mabaraza, lakini mie nilifurahi. Kazi ipo kwenye kinachofuata, manake kuna projekti za maduka makubwa na maghorofa mapya, na thamani ya ardhi imepanda, na mtu wa nyumba ya udongo safari hii hadaiwi kodi ya kiwanja, anapewa ofa.

Ingekuwa uamuzi wangu, nisingeomba Ng'ambo nzima igandishwe kama jumba la makumbusho, watu wanataka choo kizuri na maji. Ningetaka vitu vitatu vinne vidogo, kwamba nyumba za udongo zilizobaki nzima ziandikwe na wenyewe wasaidiwe kuzitengeneza badala ya kuzivunja, kwamba jengo jipya lolote liwe na baraza linalotazama njia, hili nalisema kwa dhati, na kwamba flati za Michenzani zipewe pampu za maji na taa za ngazi kabla ya kupakwa rangi upande wa barabarani kwa ajili ya sherehe. Na ule mpaka wa urithi ukija kujadiliwa, aende mtu wa Kikwajuni kwenye hicho kikao.

Mkoa wa Mjini Magharibi kwenye sensa ya 2022 ulikuwa na watu zaidi ya 890,000, Mji Mkongwe humo ndani ni kipande kidogo sana. Mji ni huku. Lakini msikilize mama anayetoka Mwembetanga na kikapu, muulize bibie wapi asubuhi yote hii? Atakujibu "nakwenda mjini", na atavuka Darajani.

Na ukitaka kuliona hori lenyewe, nenda Mnazi Mmoja siku za bamvua kubwa. Viwanja vinalowa bila mvua. Maji ya chumvi yanapanda kutoka chini ya majani, kidogo kidogo, vijana wanasimamisha mpira, wanavua viatu, wanasubiri yapwe.